Mpaka Kwenye Sinia

Tarehe 14 Juni 1976. Tangu alfajiri ukungu umelala bondeni na baridi ya kipupwe imenifanya nishone nikiwa na blanketi mabegani. Hadi jua linatoka nilikuwa nimemaliza kaptula mbili tu za watoto wa shule, maana vidole vilikuwa vizito kama si vyangu.

Jua lilipopanda alikuja barazani kwangu bwana mmoja kutoka Ruhembe, mkata miwa, jina lake Kasimu. Alikuja na lori la miwa mpaka Kidodi, kisha akapanda lori jingine hadi hapa Mikumi. Alikuwa na fungu la miwa na suruali anataka nipunguze kiuno. Nilipoigeuza ndani nje nikaona fundi mwingine alishaipunguza, alama ya mshono wa zamani bado ipo. Suruali ya mtu mzima ikirudi kupunguzwa tena kabla kitambaa hakijapauka, fundi mwenye adabu hanyanyui kichwa. Leo mimi nilinyanyua.

"Bwana Kasimu, samahani. Unakunywa maji mengi siku hizi?"

Akanitazama kwa wasiwasi. "Nani amekwambia?"

"Suruali yako."

Alicheka, halafu akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Akasema ametoka kupimwa juzi, wamemkuta na sukari. Wamempa vidonge na wamemwambia auangalie uzito wake, usizidi wala usipungue ovyo. "Sasa Fundi, niuangalie kwa jicho lipi? Kwetu mizani iliyopo ni ya kupimia miwa. Nikapande juu yake?"

"Mimi pia ninayo sukari," nikamwambia.

"Wewe?" Akanikagua kuanzia viatu. "Mbona huonekani? Si mnene, si mwembamba. Ulifanyaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu, jibu likanishinda. Nilianza na hospitali, nikarudi kwenye ugali, nikaruka kwa mjomba wangu, mwisho akaniangalia kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Nikamwambia aende sokoni, na kwa kuwa lori lake haliondoki mpaka kesho, alale kwetu. Suruali nimeimaliza. Sasa ni mchana, nimechukua karatasi, naandika kile nilichoshindwa kumwambia. Nitamsomea jioni, au nimpe aende nayo. Mimi nimesoma darasa la nne tu la shule ya misheni huko milimani, si tabibu, na sina hakika kama haya yatamfaa mtu mwenye mwili tofauti na wangu. Palipo na kosa aulize hospitali, asiniamini mimi.

Zamani nilikuwa mnene. Kazi ya cherehani ni ya kukaa, miguu tu ndiyo inayotembea na haifiki popote. Tumbo lilikuwa linagusa meza ya mashine nikiinama. Na nisiseme uongo, nililipenda. Watu wakipita walisema, "Fundi umenawiri, hongera mama watoto." Hapo ndipo pa kuelewa: sifa ilikuwa inakwenda kwa mke wangu, Mama Tabu. Yeye si mtu wa kwetu. Baba yake alikuja kutoka upande wa Tabora kufanya kazi ya reli, akabaki, na kwetu milimani watu kama hao tunawaita watoto wa reli, hata wakizaliwa hapahapa. Nilipomuoa ndugu zangu walinung'unika. Unene wangu ndio uliowanyamazisha.

Halafu ikaja kiu. Nilikuwa namaliza mtungi na bado ulimi umekauka. Nikawa nakwenda haja ndogo mpaka wateja wakawa wananisubiri na kutaniana, "Fundi yuko safarini." Macho nayo yakaingia ukungu. Binti yangu Tabu ndiye aliyekuwa ananitungia uzi kwenye sindano kabla hajaenda shule, ananiachia sindano zimechomekwa kwenye mto mdogo, kila moja na rangi yake. Zikiisha namsubiri arudi. Niliogopa macho kuliko kitu chochote, maana fundi kipofu atakula nini?

Nilipanda treni kwenda hospitali ya Kilosa masika ya mwaka juzi, mvua ikipiga madirishani. Nakumbuka benchi. Wenye benchi walikuwa wanasogea kitako kwa kitako kila mtu mmoja akiitwa, na ukiamka kwenda chooni umepoteza nafasi, na mimi ndiye niliyekuwa siwezi kukaa bila kwenda chooni. Mama mmoja mwenye mtoto wa malaria alikuwa ananishikia nafasi kwa mkoba wake. Kila nikirudi anasema, "Huyu ni wangu," watu wanacheka. Jina lake sikuuliza. Namkumbuka mpaka leo.

Mle ndani kuna jambo lililonishangaza hata nikasahau hofu. Muuguzi aliweka dawa ya buluu kwenye bomba dogo la kioo, akadondoshea mkojo wangu, akalipasha juu ya taa ya spiriti. Buluu ile ikageuka kijani, kijani kikawa manjano, manjano ikawa nyekundu ya tofali lililochomwa. Mimi ni mtu wa vitambaa, rangi nazijua. Nikauliza, "Na ya mtu mzima wa afya inakuwa rangi gani?" Akasema, "Inabaki buluu." Basi nikatamani buluu ile kama mwanamke anavyotamani khanga aliyoiona kwa mwenzake.

Daktari alinipandisha mizani akatikisa kichwa. "Mzee, mwili umekuzidi. Punguza. Vidonge peke yake havitoshi. Ule nusu ya unachokula sasa, mboga uongeze, na usiruke chakula." Kisha akaniambia nikiona natetemeka na jasho la baridi, nile kitu cha sukari mara moja, ndipo nile chakula.

Njia nzima kwenye treni niliwaza: nusu ya nini? Nani kwetu anajua anakula kiasi gani? Tunakula kwenye sinia moja: mimi, wanangu wawili wa kiume, na mara nyingi jirani au mteja aliyechelewa. Kila mmoja anamega mbele yake, mkono unakwenda na mazungumzo. Kinachojulikana ni kwamba ugali umekwisha. Nilimweleza Mama Tabu, akafikiri, akaenda kabatini akatoa sahani ya bati yenye ukingo wa buluu.

"Utakula hapa," akasema. "Nikiona chini ya sahani najua umemaliza, na najua nilikuwekea nini."

"Mbele ya watu?"

"Sasa nyuma ya watu utakula wapi, Baba Tabu?"

Msomaji wa mbali labda hataona tatizo. Huku kwetu anayepewa chombo chake peke yake ni mgonjwa wa kifua kikuu, au mtu aliyegombana na wenzake mpaka haamini mikono yao. Tena tulikuwa tumehamia kijijini karibuni, nyumba mpya kwa mstari, shamba la ujamaa, na siku za kazi tunakula pamoja chini ya banda. Nilipofika na sahani yangu, balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Athumani, alishika kiuno.

"Jamani njooni mwone! Tunalima pamoja, tunavuna pamoja, Fundi amejikatia ugali wake. Huyu ni bepari wa sahani."

Jina likanata. Hata watoto walikuwa wananiita hivyo. Nisimwonee Bwana Athumani, alikuwa anatania, na mimi nilicheka. Lakini waliokuwa wamekaa karibu nami walisogea kidogo, na hilo halikuwa utani.

Mwili ulianza kupungua. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilijipima kiuno kwa futi yangu ya kazi, na nikasikia raha ya ajabu, kama nashona nguo na nguo yenyewe ni mimi. Suruali nilizipunguza moja moja. Shati la harusi yangu likanikaa tena. Macho yakafunguka, na asubuhi moja nilitunga uzi mwenyewe, nikamwita Tabu aone, akapiga makofi. Kule hospitali tofali likawa manjano, halafu kijani. Kila nikirudi wananiambia, "Vizuri, endelea." Sikuuliza niendelee mpaka wapi. Labda walinieleza nikasahau, siwezi kuapa. Mimi nilikuwa nafukuza buluu. Nikawa nakula ugali wa mwiko mmoja, baadaye hata huo nikaanza kuwamegea watoto.

Hapa nataka Kasimu asome polepole. Mwili haukukoma pale nilipoufurahia. Pete ya ndoa ilinidondoka kwenye beseni la kufulia. Makalio yakaisha nyama, kiti cha cherehani kikaanza kuniuma mpaka nikashona mto wa kukalia. Mifupa ya mashavu ikatoka, nikikata nywele naonekana kama marehemu babu yangu. Miguu ikawa inachoka kwenye pedali. Mama Tabu alikuwa anaona, akiniuliza, "Hapa sasa si mwisho?" nami namjibu, "Bado haijawa buluu."

Kisimani wanawake walimwuliza kama yeye anamlisha mumewe au anamla. Alikuja nyumbani na ndoo nusu, amemwaga nyingine njiani kwa hasira. Hakuniambia siku hiyo. Tabu ndiye aliyeniambia.

Mambo yakaharibika siku ya palizi ya pamba, mvua zikiwa zimekolea. Asubuhi nilimeza kidonge, nikanywa uji kidogo sana, nikaenda shambani na wenzangu. Jua la katikati ya mvua ni kali. Nakumbuka jasho la baridi shingoni, mikono ikitetemeka, halafu nikawa nalikasirikia jembe. Wanasema nililifokea, "Wewe jembe huna adabu," mara nyingi, watu wakicheka, mpaka nikaanguka kati ya matuta. Mama Tabu alikuja mbio kutoka mstari wa wanawake. Akafungua pindo la khanga yake, akatoa kitu cheupe cha unga, akakitia kinywani mwangu, akanisugulia kwenye ufizi kwa kidole, mbele ya kijiji kizima.

Ilikuwa sukari. Tangu siku niliporudi kutoka hospitali alikuwa anaitunza pale anapofunga kila kitu chake. Lakini mwaka ule sukari ilikuwa haionekani. Duka la ushirika likiipata, foleni inazunguka jengo, na wengi wetu tulikuwa tunakunywa chai na chumvi. Nani angefikiri mtu anatembea na sukari kwenye pindo, akipalilia? Waliona mwanamke wa reli, mumewe amekonda, analishwa kwenye sahani ya peke yake, na sasa unga mweupe kinywani. Nikainuka nikaanza kusema sawasawa, na hilo nalo likamponza: wakasema amenifunga kwa uchawi, na yeye ndiye anayenifungua akitaka.

Habari ilipanda treni. Haikupita juma nikamwona mjomba wangu Mika anaingia uani, amevaa koti lake la kanisani, ana fimbo na mkoba mtupu. Mjomba ni kaka wa marehemu mama yangu. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mke amekuazima, ukiugua ukoo unaweza kuja kukudai, na mkoba ule mtupu ulikuwa wa kubebea nguo zangu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Hakukaa. "Geuka nikuone." Nikageuka. "Huyu ni mtoto wa dada yangu au ni ufito? Jiandae. Nimekuja kukuchukua."

Mama Tabu alipiga goti akamwamkia, naye akaitika bila kumtazama.

"Mjomba," nikasema, "haya ni maradhi ya sukari. Daktari ndiye aliyesema nipungue."

"Daktari alisema upungue. Alisema uishe?"

Ndilo swali alilokuwa akiniuliza mke wangu.

Mjomba akamgeukia. "Mama, mimi ni mzee, sizunguki. Watu wameona ulichomtia kinywani. Ni nini?"

Mama Tabu akafungua pindo, akalinyoosha mbele yake. "Onja, Mjomba."

Mzee akarudi nyuma hatua. Nilimwona anaogopa kweli, na ninamsifu kwamba hata hivyo alilowesha kidole, akachovya, akaweka ulimini, akafumba macho kama mtu anayesubiri radi. Kisha akayafumbua.

"Sukari!"

"Ndiyo, sukari."

Nilidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo yameanza. Mzee alipiga fimbo chini. "Ana maradhi ya sukari, nawe unamtia sukari kinywani? Afadhali ingekuwa hirizi! Mpwa wangu, chukua nguo zako."

"Mjomba, akitetemeka ndiyo dawa..."

"Moto unazimwa kwa mafuta ya taa?"

Hapo Mama Tabu akasimama. Nimeishi naye miaka mingi, sijamsikia akiongea polepole namna ile. "Mchukue, Mjomba. Wa kwenu ni wenu. Lakini mchukue na vidonge vyake, na ujue kimoja kinamezwa wakati gani. Ujue akianza kugombana na jembe ufanye nini. Ujue mchicha kiasi gani na ugali kiasi gani. Kama unajua hayo, mkoba wako nitaufungasha mwenyewe."

Mzee akanigeukia. Akaniuliza, "Wewe unajua?"

Nikasema kweli yangu: nusu nilikuwa najua, nusu alikuwa anajua yeye.

Kama nilisimama na mke wangu vya kutosha siku ile, sijui. Yeye anasema nilisimama. Nadhani ananihurumia. Tulichokubaliana ni kwamba kabla sijaondoka, twende sote watatu hospitali, mzee asikie kwa masikio yake. Daktari akisema mke wangu ndiye anayeniua, nitakwenda milimani na siku hiyohiyo ndoa imekwisha. Hayo aliyasema mzee, na Mama Tabu akaitikia, "Sawa." Alifungasha nguo zangu kwenye ule mkoba, akazikunja vizuri, akauweka mlangoni.

Kwenye treni tulikaa benchi moja, mimi katikati, mpaka Kilosa. Huko tena benchi, tena kusogea kitako kwa kitako. Safari hii sikuwa naamka ovyo kwenda haja, nikaona hata hicho ni kitu cha kushukuru. Mjomba alikuwa anawauliza wagonjwa mmoja mmoja wanaumwa nini, na kila anayesema sukari alimpima kwa macho, mnene kwa mwembamba, kama anayechagua ng'ombe mnadani. Muuguzi alipopasha bomba lake mzee aliomba asogee aone. Dawa ikabaki buluu kabisa. Niliyoitafuta mwaka mzima. Wala sikufurahi, nilikuwa nauwaza ule mkoba mlangoni.

Nilipopanda mizani daktari alikunja uso, akapekua kadi yangu nyuma na mbele. Alikuwa kijana, akamwamkia mjomba kwanza kwa heshima.

"Nani alikwambia ufike hapa?" akaniuliza.

"Hakuna, daktari. Nilikuwa naendelea."

"Umepita. Umepita sana. Vidonge vinataka chakula cha kufanyia kazi, wewe unavipa sahani tupu. Ndiyo maana ulianguka."

Mjomba akanyoosha kidole. "Umesikia? Amekonda. Nilisema."

"Umesema kweli, mzee," daktari akajibu.

Mama Tabu alikuwa anatazama sakafu.

"Na ile sukari?" mjomba akauliza. "Huyu mama alimtia sukari kinywani alipoanguka. Sukari, daktari!"

"Nani alimtia?"

"Mimi," Mama Tabu akasema, sauti ndogo.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, uliipata wapi siku hizi?"

"Nilikuwa naificha."

"Basi usiache kuificha." Akamgeukia mzee. "Kidonge kinashusha sukari ya mwilini. Chakula kikiwa kidogo, inashuka kupita kiasi, na mtu anaweza kwenda moja kwa moja. Asingekuwa huyu mama, mzee, ungekuja na koti hilohilo kwa shughuli nyingine."

Mjomba alitazama koti lake. Akalishika vifungo. Halafu akauliza swali ambalo mimi, mwenye ugonjwa, sikuwahi kuuliza: "Sasa mwisho wa kupungua ni wapi, na mwisho wa kunenepa ni wapi? Tuonyeshe mipaka yote miwili." Daktari akatuonyesha kwenye mizani, hapa na hapa, akasema nikae katikati, nile ugali wa kiasi cha ngumi yangu na nusu, mboga nyingi, maharage au samaki, na nisiruke mlo. Nikatoa futi yangu mfukoni nikajipima palepale ofisini, daktari akacheka.

Jioni tulirudi Mikumi. Mkoba ulikuwa bado mlangoni, na hakuna aliyeugusa. Mama Tabu akapika. Akaleta sinia la mjomba na wavulana, na kando yake sahani yangu ya ukingo wa buluu. Mzee akaitazama.

"Mama, hii rudisha ndani."

"Mjomba, bila sahani sitajua..."

"Rudisha, halafu lete mwiko."

Mwiko ulipokuja, mzee akachukua ile sehemu yangu ya kwenye sahani, akaibandika kwenye ugali wa sinia, upande wangu. Kisha kwa ncha ya mwiko akachora mfereji, kutoka ukingo kuingia ndani, ukazunguka ukatoka, kama anavyokata mpaka wa shamba la mahindi na la jirani. "Hili shamba lako. Utalima lote, usibakize. Na nyinyi," akawageukia wanangu, "atakayevuka anatozwa kuni."

Wavulana wakacheka. Mama Tabu alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anaukagua mpaka ule. "Na mboga je? Mbona umempimia ugali, mboga hujampimia? Bakuli sogeza kwake."

"Huku?"

"Zaidi. Daktari alisema nyingi."

Mzee akalisogeza. "Hapo?"

"Hapo."

Nikanawa, nikala kwenye sinia na watu wangu kwa mara ya kwanza tangu masika ya mwaka uliotangulia. Nilimega taratibu. Ukiwa na mpaka mbele yako unaona kila tonge linalotoka, na unaona pia lisilotoka. Asubuhi mzee aliutoa mkoba mlangoni, akanirudishia nguo zangu, akaondoka na mkoba mtupu vilevile alivyokuja nao.

Hakumwomba Mama Tabu radhi. Baada ya mavuno alituma tetea kwa treni, miguu imefungwa, na aliyemleta alisema, "Ni wa mama, si wa Fundi." Mimi nasema ndiyo radhi yenyewe. Mama Tabu anasema ni kuku tu, lakini hamchinji.

Tangu hapo nimepanda kidogo, nikafika katikati, nimebaki. Nilijishonea mkanda wa turubai wenye matundu mawili tu. Nikihitaji kubana zaidi ya tundu la ndani, nakula na nakwenda kupimwa. Nikishindwa kufunga la nje, napunguza na natembea mpaka stesheni na kurudi. Si kipimo kamili. Wakati wa sherehe unanidanganya, na miezi ya njaa unanidanganya upande wa pili, kwa hiyo hospitali siachi. Siku nyingine dawa kwenye bomba inakuwa kijani, sihangaiki sana kama zamani. Bwana Athumani bado ananiita bepari, ila siku moja banda la shamba la ujamaa lilipokuwa na chakula, alinikatia mpaka mwenyewe, akanipunja, tukagombana mbele ya watu kama wenye mashamba kweli.

Hayo ndiyo niliyotaka kumwambia Kasimu asubuhi. Amerudi kutoka sokoni jua likizama, na nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mambo mawili: kama mke wake naye atunze sukari kwenye pindo, nikasema ndiyo, ila akaulize na daktari wake; na kama akila kwenye sahani peke yake watamcheka, nikasema watamcheka. Suruali yake imemkaa vizuri. Nimemwachia kitambaa cha ziada ndani ya mshono, nyuma, ili siku atakapotakiwa kurudi mwilini fundi yeyote aweze kuifungua.

Jioni hii tumekula ugali wa mahindi, majani ya kunde yaliyopikwa kwa karanga, na samaki mkavu wa Ruaha mmoja aliyekatwa vipande. Mama Tabu alikuja na mwiko mwenyewe, akachora mpaka wangu bila kutazama, mkono umeshazoea. Akamtazama mgeni, kiuno mpaka mabega, akachora wa pili, mkubwa kuliko wangu. "Shemeji, wewe ongeza kwanza," akamwambia. Tulilima yote. Miwa aliyotuletea kutoka Ruhembe wamekula watoto uani, na sisi wawili tumekaa tukiwasikiliza wakitafuna.